Shangazi, wazazi wana deni na wamenificha

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kifungua mimba, nina miaka 33, nina kazi, mume na watoto wawili. Wazazi wangu wamestaafu. Mwezi uliopita nilikwenda kuwasalimia. Mama alikuwa anaoga, simu yake ikaita mara tatu mfululizo, nikapokea. Mwanamume akasema bila hata salamu: "Mama, leo siku ya tatu. Tukija hapo kwako usije ukalia." Nikamwambia mimi siye. Akakata. Mama alipotoka nikamwuliza, akasema ni watu wa kukosea namba. Lakini mkono ulioshika taulo ulikuwa unatetemeka.

Toka siku hiyo nimeanza kuona mambo. Baba hatoki tena jioni. Cherehani ya mama haipo, eti iko kwa fundi. Kila nikigusia habari za pesa, baba anaongeza sauti ya redio.

Mdogo wangu anasema tuwaache, ni watu wazima, wakitaka msaada watasema. Mimi nina akiba kidogo, na kazini naweza kukopa. Nimewaza nimtafute yule mwanamume nimlipe, yaishe, wazee wasijue. Nifanye hivyo? Na kama ni kuzungumza nao, mtoto anaanzaje kumwuliza baba yake anadaiwa kiasi gani?

Kifungua Mimba

Marahaba, mwanangu.

Usimtafute huyo mwanamume. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililolifanya mimi, na hadi leo nikilikumbuka naona haya.

Nilikaa miaka 19 kwenye dawati la mikopo. Kazi yangu ilikuwa kuwauliza watu wazima maswali ambayo watoto wao hawathubutu kuwauliza. Pamoja na ujuzi wote huo, deni la baba yangu mzazi lilinipita mbele ya macho kwa miaka miwili. Sebuleni kwake palikuwa na kalenda ya ukutani, na kwenye tarehe fulani za kila mwezi alikuwa anachora duara dogo la penseli, hafifu, la mtu anayetaka aweze kulifuta. Tarehe 5, tarehe 12, tarehe 28. Mimi nikajua ni siku za kliniki ya presha. Nikawa nampigia simu: "Baba, tarehe 12 ulikwenda?" Ananijibu, "Nilikwenda." Na alikwenda kweli. Sikujua tu alikwenda wapi.

Mdai mmoja alipomkosa baba akanipigia mimi. Nikafanya vilevile unavyowaza wewe: nikamlipa kimyakimya, nikalala usingizi wa mtu aliyetenda jema. Baba akaenda siku yake na pesa yake mkononi, akaambiwa mbele ya foleni nzima kwamba binti yake ameshamlipia. Miezi minne hakusema na mimi zaidi ya salamu. Baadaye ndipo nikajua kwamba wadai walikuwa watatu, na niliyemlipa ndiye aliyekuwa na deni dogo kuliko wote na riba nafuu kuliko wote. Nilimlipa kwa sababu ndiye aliyekuwa na makelele. Na katika ile miezi minne ya kununiana, baba aliongeza mkopo wa nne, mahali ambapo jina langu halijulikani.

Kwa hiyo mdogo wako amesema nusu. Ni watu wazima, kweli. Kwamba watasema wenyewe, hapo sikubaliani naye. Mzazi amezoea kuwa mkono unaotoa. Akikuambia anadaiwa, anachoona kinamtoka si pesa, ni ile kauli ya mwisho nyumbani kwake. Tunayo methali ya "mficha uchi hazai", na ni methali nzuri, ila usije ukamrushia baba yako. Hiyo mtu hujiambia mwenyewe.

Sasa, unaanzaje? Anza na mama, kwa sababu ninyi wawili tayari mna siri moja: mlisikia simu ileile. Mkute peke yake, mkiwa na kazi mikononi, mnakunja nguo au mnapanga kabati, kila mmoja akiangalia anachokifanya. Kutazamana usoni si kwa mazungumzo haya. Halafu usiulize ni kiasi gani. Uliza lini. "Mama, ile simu haikuwa ya kukosea namba. Sikuulizi ya nini wala kiasi gani. Niambie tu, hao watu siku yao nyingine ni lini?"

Hili nilijifunza dawatini, si kwenye semina. Tarehe mtu anaweza kuitamka. Ni namba tu, haina aibu ndani yake. Kiasi ni kizito zaidi, na sababu ndiyo nzito kuliko vyote, kwa hiyo ukianza na "mlizifanyia nini?" umefunga mlango kwa ufunguo. Ukishapata tarehe, umeshaingia. Ya pili itafuata, na kiasi kitakuja chenyewe, pengine siku hiyohiyo, pengine wiki ijayo.

Kikija, usikiamini. Simaanishi mama yako mwongo. Mara ya kwanza mtu hataji anachodaiwa, anataja kile ambacho mdomo wake unaweza kukibeba. Nimeona wateja wa kila aina, wasomi kwa wasiosoma, na karibu wote waliacha mkopo mmoja nje ya orodha ya kwanza. Kwa hiyo deni la pili likijitokeza baadaye, tafadhali usigune, usiseme "si ulisema ni moja?" Sema "sawa, tuliandike."

Kwa baba njia ni nyingine. Mpe nafasi ya kuwa baba. Kama wewe mwenyewe una rejesho linalokubana, mpelekee: "Baba, hebu nisaidie kulipigia hesabu hili." Liwe la kweli lakini, wazee wananusa uongo wa namna hiyo toka mlangoni. Asiwepo mkwe wake, wasiwepo wajukuu. Redio ikiongezwa sauti, iache iimbe, rudi siku nyingine.

Kuna wakati mmoja tu ambapo sababu lazima iulizwe mapema: pale pesa zinapoendelea kuvuja. Mtu anacheza kamari, au kuna tapeli anayemwahidi faida, au kuna jamaa anayemkamua. Ukiziba deni huku bomba liko wazi, unajaza maji kwenye pakacha. Na ukiona baba hakumbuki kabisa kama alikopa, au mtu aliyekuwa makini na hesabu sasa bili zinamchanganya, mpeleke kwa daktari kabla ya kumpeleka kwa mkopeshaji. Kuteleza kwenye mambo ya pesa kunaweza kuwa dalili ya mapema ya maradhi ya kumbukumbu, na huwa kunachukuliwa kuwa uzembe.

Mkishakubaliana kukaa, kaeni na karatasi moja, na kalamu aishike baba. Nasisitiza, baba. Wewe soma nyaraka, yeye aandike. Kila deni mstari wake: anadai nani, kilikopwa kiasi gani, kimebaki kiasi gani, riba inapigwaje, tarehe gani, na dhamana ni nini. Hapo kwenye dhamana ndipo nadhani mtaikuta cherehani. Usimnunulie mama mpya kabla hujauliza, huenda ile ya zamani iko salama kwa mtu na inakombolewa.

Mstari wa riba ndio unaowashinda wengi, acha niukalie kidogo. Chukua mkopo wa 100,000 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 20 inayopigwa juu ya mkopo wote. Mkopaji anarudisha 120,000, yaani 10,000 kila mwezi. Anaona asilimia 20, anaridhika. Lakini kufika mwezi wa 6 ameshapunguza karibu nusu ya mkopo, na riba bado inapigwa kana kwamba ile 100,000 yote ingali mfukoni mwake. Ukiipima riba hiyo kwa salio linalopungua, kwa mwaka ni karibu asilimia 35. Mkataba haudanganyi, ila hausemi yote.

Mbaya zaidi ni ile ya asilimia 10 kwa mwezi, na kwa lugha ya yule mwanamume wa kwenye simu, nahofia ndiyo iliyoko kwenu. Mtu anadaiwa 100,000, hana ya kumaliza, analipa riba peke yake, 10,000 kila mwezi ili "asogezewe tarehe". Miezi 10 ikipita ameshatoa 100,000 kamili, na bado anadaiwa 100,000 ileile. Ndiyo maana wazee wanaweza kulipa kwa uaminifu miaka miwili na deni lisisogee. Na wasipolipa chochote, riba ikazaa riba, mwezi wa 8 deni limeshapita 200,000, mwaka ukiisha limepita 310,000. Mwonyeshe baba hesabu hiyo kwa kalamu yake mwenyewe. Wateja wangu wengine walinyamaza dakika nzima baada ya kuiandika, na mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo nimekuwa nikimlipa kodi?" Ndiyo, alikuwa anailipia kodi pesa aliyoitumia zamani.

Karatasi ikijaa ndipo mnapanga nani alipwe kwanza. Kwanza ni lile linaloweza kuwatoa ndani, kama nyumba ndiyo dhamana. Linalofuata ni lenye riba kubwa. Mwenye makelele asubiri zamu yake kama wenzake.

Kabla ya kutoa hata senti, waende kwa wakopeshaji wakaombe. Nimekaa upande ule wa meza: mteja anayekuja kabla ya tarehe yake kuomba mkopo upangwe upya husikilizwa kuliko yule anayetafutwa. Ombeni faini za kuchelewa zifutwe, hizo ndizo mkopeshaji huziachia kirahisi kuliko mtaji wake. Wakikubali kurefusha muda, rejesho litapungua, lakini jumla ya riba itaongezeka, kwa hiyo msirefushe zaidi ya mnavyohitaji. Na kama una pesa ya kumaliza deni moja kwa mkupuo, uliza punguzo, na uliza kabla ya kulipa. Makubaliano yawe kwenye maandishi, hata kama aliyewaahidi anaonekana mtu wa dini.

Yule wa vitisho, mama ampigie wewe ukiwa pembeni, amwombe kwa upole jina lake kamili, jina la anayemtuma na nakala ya mkataba. Mkopeshaji halali ana mkataba. Na jihadharini na mtu atakayetokea akisema anaweza kuwafutia madeni yote mkimpa ada kwanza. Huyo ni mdai mwingine aliyevaa nguo za mwokozi.

Sasa mfuko wako. Toa kiasi ambacho hata kisiporudi hutamchukia mtu. Kaa na mume wako mkipigie hesabu pamoja, maana ukikificha kwake utakuwa umehamisha ugonjwa wa kuficha kutoka nyumba moja hadi nyingine. Kiite zawadi. Ukikiita mkopo, utamfanya baba yako akwepe simu yako pia. Kipelekwe kwa mdai moja kwa moja, baba akiwepo, risiti iandikwe kwa jina lake, na deni likiisha msiondoke bila barua ya kumaliza na kilichowekwa dhamana. Hizo karatasi za mwisho watu huziona ushamba kuziulizia, halafu miaka mitatu baadaye deni linafufuka.

Kukopa kazini kwa ajili yao, nakukataza. Najua utaniambia mkopo wa kazini una riba ndogo, na kwa hesabu tupu unaweza kuzima ule wa asilimia 10. Hesabu iko sawa. Lakini siku kazi ikiyumba, nyumba mbili zitakuwa kwenye shimo moja, na hakutabaki aliye juu wa kushusha kamba.

Mdogo wako mwambie, lakini baada ya wazee kuridhia. Deni ni lao, na habari yake ni yao vilevile.

*

Shangazi, mama anataka nimdhamini kwenye mkopo wa kupanua biashara yake. Anasema ni saini tu, mambo yake yako safi. Nikikataa ataona namkana.
Mtoto wa Mwisho

Mpenzi wangu, hakuna kitu kinaitwa saini tu. Mdhamini ni mkopaji wa pili ambaye hakuziona pesa. Mama asipolipa, hutaombwa kumshauri, utaombwa kulipa: mtaji, riba na faini. Na deni hilo linaweza kukuzuia wewe kukopa siku utakapohitaji, hata kama mama hajawahi kuchelewa.

Jiulize: mkopo wote ukiniangukia kesho, naweza kuubeba? Kama unaweza na uko radhi, saini, lakini omba upewe taarifa ya mkopo kila mwezi, usingoje kusikia siku mambo yameharibika. Kama huwezi, mwambie mama mapema, kabla hajajaza fomu, na usiende mikono mitupu. "Mama, saini siiwezi. Ila kila tarehe 1 nitakuwekea kiasi hiki kwenye biashara, na sitakidai." Atanuna. Kununa kwa mama kuna mwisho, mkataba wa udhamini ukianza kudai hauna huruma ya uzazi.

*

Shangazi, mimi ni baba wa watoto wanne na ndiye mwenye deni. Mwanangu mkubwa aliniuliza kwa heshima kabisa, nikamfokea. Sasa hanipigii. Silali. Nikifa deni hili litawaangukia wao?
Mzee wa Usiku

Mzee mwenzangu, pole. Naanza na swali lako, ulale.

Katika nchi nyingi mdai huchukua haki yake kwenye mali uliyoiacha, si kwenye mshahara wa mtoto wako, maadamu mtoto hakusaini kama mdhamini wala mkopaji mwenza. Ziko nchi ambazo mrithi akiupokea urithi anapokea na madeni yake, na huko sheria humpa nafasi ya kuukataa kwa muda uliowekwa. Kwa vyovyote, mtu hawezi kukataa wala kupanga jambo asilolijua.

Chukua mkataba wako uangalie kitu kingine: bima ya mkopo. Mikopo mingi, hasa ya taasisi, hukatwa ada yake toka siku ya kwanza, na mkopaji akifariki bima ndiyo inayolipa salio. Nimeona familia ikiuza mali kulipa deni ambalo bima ingelilipa, kwa kuwa aliyejua alikuwa ameshazikwa na mkataba ulikuwa chini ya godoro. Ukiikuta, weka alama kwenye ukurasa huo.

Kuhusu mwanao, usimwandalie hotuba. Wala si lazima uombe msamaha kwa maneno, kama yanakukwama. Unakumbuka habari ya baba yangu hapo juu, miezi minne ya salamu tupu. Hakuniita kikao. Alikuja kwangu asubuhi moja na kalenda yake kwapani, ameing'oa ukutani na msumari wake ungali umening'inia kwenye kitundu. Akaitandaza mezani, akaweka kidole kwenye duara la penseli, akaniambia: "Hii tarehe 28 si kliniki."